Mahadhi ya Kuazima na Dhamana ya Neno: Nyimbo za Filamu ya Roja mbele ya Msikilizaji wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mtu anaweza kuguswa moyo na wimbo wa mapenzi ulioimbwa kwa lugha asiyoifahamu hata neno moja. Jambo hili ni la kawaida mno katika miji ya Afrika ya Mashariki, hata watu wameacha kulistaajabia. Hata hivyo ndani yake mna swali la kimaadili: je, hisia ya msikilizaji huyo ni ya kweli au ni ya kuazima? Na ikiwa ni ya kweli, inamdai nini? Makala hii inakusudia kulijadili swali hilo kwa kuzitumia nyimbo za filamu ya Kitamil iitwayo Roja (1992), na kwa kuziweka mbele ya msikilizaji wa Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha kuuliza jinsi fani inavyoyabeba maudhui. Wimbo usioeleweka unaukwamisha utaratibu huo. Msikilizaji amepokea fani nzima, yaani sauti, mahadhi na mapigo, lakini maudhui hayakumfikia. Hata hivyo hawezi kuambiwa kuwa hakupokea kitu, kwa sababu machozi yake yanamshuhudia. Ni lazima basi kuuliza alichopokea ni nini, na ni cha nani.

Safari ya mahadhi

Filamu ya Roja ilitoka mwezi wa Agosti 1992 chini ya uongozi wa Mani Ratnam. Ilikuwa filamu ya kwanza kutiwa muziki na A. R. Rahman, na maneno ya nyimbo zake yalitungwa na mshairi wa Kitamil, Vairamuthu. Wote wawili walituzwa Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India kwa kazi hiyo. Baadaye filamu hiyo ilitiwa sauti ya Kihindi, na maneno mapya ya nyimbo yakaandikwa na P. K. Mishra. Mahadhi yakabaki yale yale, maneno yakawa mengine. Kwa hiyo hata ndani ya India yenyewe mamilioni ya watu walizipenda nyimbo za Roja bila kuyasikia maneno ambayo mahadhi hayo yaliyavaa kwanza.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Msichana wa kijiji katika jimbo la Tamil Nadu anaolewa na kijana wa mjini, mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri. Mapenzi yao yanaanza kwa kutoelewana na kukomaa polepole. Wanakwenda Kashmir kwa kazi ya mume, na huko mume anatekwa na wapiganaji wanaotaka jimbo hilo lijitenge na India. Roja anabaki peke yake katika nchi ambayo hajui lugha yake. Anawasihi askari na maofisa kwa Kitamil. Wao wanasema Kihindi. Analia mbele ya watu wanaoyaona machozi yake na wasiyapate maneno yake. Katika toleo la Kihindi tatizo hili linapoteza uzito, kwa kuwa mhusika anasikika akisema Kihindi tangu mwanzo. Tafsiri iliyokusudiwa kuifanya filamu ieleweke iliondoa sehemu ya jambo ambalo filamu ilitaka lieleweke.

Njia hii ya mahadhi kuhama na kuvuliwa maneno si ngeni kwa Mswahili. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri, safari aliyoisimulia Shaaban Robert katika wasifu wa mwimbaji huyo. Baada ya miongo michache mkondo ukarudi upande wa pili. Filamu za Kihindi zilipojaa katika majumba ya sinema ya pwani, waimbaji wa taarabu wa Mombasa waliyachukua mahadhi yake na kuyatilia maneno ya Kiswahili. Mashuhuri kati yao ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye nyimbo zake nyingi zilitungwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir. Wengine hawakuridhika. Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, bingwa wa udi aliyezaliwa Lamu, alishikilia mahadhi yenye mizizi ya Kiswahili na Kiarabu. Waliolaumu mahadhi ya Kihindi walikuwa na methali tayari: mwacha asili ni mtumwa.

Lawama hiyo, hata hivyo, ilihusu asili ya mahadhi. Haikugusa swali la nani anayajibia maneno. Kwa Juma Bhalo mahadhi yalikuwa ya mbali, lakini maneno yalikuwa Kiswahili cha Mvita, yakisikilizwa na watu walioweza kuyapima, kuyafumbua mafumbo yake na kumjibu mtunzi kwa shairi jingine. Mahadhi yaliazimwa; dhamana ya neno ilibaki nyumbani.

Neno, mahadhi na shabaha ya hisia

Wanafalsafa wa kale hawakuliamini sana jambo la mahadhi kujitenga na neno. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Plato anataka mahadhi na mapigo yafuate maneno, wala maneno yasiyafuate mahadhi. Sababu yake ni ya kimaadili. Mahadhi hupenya rohoni kabla akili haijaulizwa, na kinachopenya bila kuulizwa kinaweza kumlea mtu vizuri au vibaya bila yeye kujua. Kwa kipimo cha Plato, msikilizaji wa Kitale anayelizwa na wimbo wa Kitamil ameufungua mlango wa roho yake kwa mgeni ambaye hakumwuliza jina.

Karne ya kumi na tisa ilileta hoja ya namna nyingine. Eduard Hanslick, katika kitabu chake cha mwaka 1854 juu ya uzuri wa muziki, alidai kwamba mahadhi peke yake hayawezi kueleza hisia mahususi. Mfano wake mmoja ni wimbo wa Orfeo katika opera ya Gluck ya mwaka 1762, ambamo mume anaomboleza kumpoteza mkewe. Hanslick anaonyesha kwamba mahadhi yale yale yangeweza kubeba maneno ya mume anayeshangilia kumpata mkewe, na msikilizaji asione kasoro. Mahadhi yanaonyesha mwendo wa hisia: kupanda, kushuka, kuharakisha, kusita. Hayasemi hisia hiyo inamlenga nani wala kwa sababu gani.

Leo Tolstoy, katika kitabu chake cha mwaka 1898 kuhusu maana ya sanaa, anashika upande wa pili. Kwake sanaa ni maambukizo: msanii amehisi jambo, naye humwambukiza mwenziwe hisia ile ile, na kwa njia hiyo watu waliotengwa huunganishwa. Hoja hii inavutia, kwani inautukuza wimbo unaovuka mipaka. Lakini ikikubaliwa kwamba mahadhi hayaibebi shabaha ya hisia, haiwezekani kusema kuwa msikilizaji wa Kitale ameambukizwa hisia ya Vairamuthu au ya mume aliyetekwa Kashmir.

Tuchukue msikilizaji wa mfano: karani wa duka mjini Kitale, aliyemwacha mchumba wake kijijini upande wa Chwele. Wimbo wa Roja unapigwa kwenye kanda ya kaseti, naye anamkumbuka mchumba wake hata kazi inamwia nzito. Huzuni hiyo ni ya kweli. Hakuiigiza, wala hakuna aliyemlazimisha. Lakini shabaha yake, yaani huyo mchumba wa Chwele, ameitoa yeye mwenyewe. Wimbo umempa chombo, naye amekijaza maji ya kisima chake.

Hapa ndipo panapohitajika kutofautisha kuguswa na kuelewa. Kuguswa bila kuelewa si kosa. Kosa linaanza pale aliyeguswa anapodai kuwa ameelewa: anaposema kuwa sasa anajua Wahindi wanavyopenda, au kwamba mwimbaji alimaanisha hivi na hivi. Amechukua maji ya kisima chake mwenyewe na kuyaita maji ya kisima cha jirani. Tendo hilo linaonekana dogo, lakini linamnyima mwenye wimbo haki ya kuwa na maana yake.

Sauti ya kuazima na uwanja wa kumuse

Ugumu unaongezeka tukizingatia namna nyimbo za filamu za India zinavyotengenezwa. Mwigizaji anafungua kinywa, lakini sauti inayosikika ni ya mwimbaji wa nyuma ya pazia. Huzuni ya mume katika Roja inaonekana katika uso wa Arvind Swami na kusikika katika koo la S. P. Balasubrahmanyam. Maneno ni ya mshairi, mahadhi ni ya Rahman, sauti ni ya mwimbaji, uso ni wa mwigizaji. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne anayeweza kuambiwa kwamba huzuni hiyo ni yake peke yake. Katika toleo la Kihindi mtu wa tano anaongezeka. Kabla wimbo haujamfikia msikilizaji wa Bungoma, tayari ni mkusanyiko wa vitu vilivyoazimwa.

Jadi ya Wabukusu wa Bungoma inatoa kipimo cha kulinganisha. Anapofariki mzee wa heshima, siku kadhaa baada ya maziko huenda likafanyika kumuse, hotuba ya kuwaliwaza wafiwa na kuwakumbusha watu asili na maadili yao. Msemaji hutembea uwanjani na fimbo yake huku watu wamemzunguka. Si kila mwenye kinywa ana ruhusa ya kuingia uwanja huo. Kazi hiyo ni ya watu wa koo zinazojulikana, na anayeichukua anabeba hatari ya neno analolitamka. Kinywa, sauti, neno na dhamana vimo katika mwili mmoja. Vivyo hivyo mpigaji wa litungu, kinanda cha nyuzi saba, anapomsifu au kumkosoa mtu kwa jina, mtu huyo huenda ameketi mbele yake.

Ukitumia kipimo cha kumuse, wimbo wa filamu unaonekana kama maneno yasiyo na mwenyewe. Lakini ulinganisho huu usiharakishwe. Kumuse huwaliwaza watu wanaojuana, nayo hutegemea kwamba wanajuana. Wimbo wa filamu huwafikia watu ambao mtunzi hatawaona kamwe. Kuudai uwe na dhamana ya kumuse ni kuudai kitu ambacho haukuahidi. Linalofaa kuulizwa ni hili: ikiwa waliouimba wamegawana sauti na neno hata dhamana haipo kwa mmoja wao, je, dhamana imetoweka kabisa, au imehamia kwa yule anayesikiliza?

Kitale na Bungoma, mwaka 1992

Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kuitazama mahali penyewe. Kitale ilikua kuwa mji wa walowezi wa kizungu, na reli iliifikia mwaka 1926. Bungoma iko juu ya njia kuu ya reli iendayo Uganda. Miji yote miwili iliwavuta wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, na baada ya uhuru mashamba ya Trans Nzoia yaliwakaribisha watu wa makabila mengi. Ni vyema kukumbuka kwamba Wahindi wengi wa Kenya asili yao ni Gujarati na Punjabi. Kitamil si lugha yao. Mbele ya wimbo wa Roja katika lugha yake ya kwanza, mwenye duka na karani wake Mbukusu walisimama kizingiti kimoja: wote wawili walikuwa wageni.

Katika mji ambamo lugha ya mtu humtangaza kabla hajajitambulisha, jambo hilo lina uzito. Ghasia zilizoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, zilienea hadi Trans Nzoia na Bungoma kabla mwaka haujaisha, zikaendelea mwaka 1992, ule ule uliotoka filamu ya Roja. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu walikimbia mashamba yao. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa ripoti yake Septemba 1992 na kuwalaumu wanasiasa kwa kuchochea ghasia hizo. Katika miteremko ya Mlima Elgon, Mbukusu na Msabaoti waliokuwa majirani walijikuta wakitambuana kwa lugha, na kutambuana huko kungeweza kuwa suala la uhai. Miaka kumi na mitano baadaye, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilionyesha tena jinsi lugha inavyoweza kugeuzwa silaha. Tume ya Waki ilieleza mwaka 2008 kwamba baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kikabila vilichangia kueneza chuki.

Kwa kuwa neno linaloeleweka liliweza kuua, wimbo usioeleweka uliweza kuwa mapumziko. Haukumwuliza msikilizaji kabila lake. Haukumsifu shujaa wa ukoo mmoja wala kumkejeli wa ukoo mwingine. Mbukusu, Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu waliweza kuukaa pamoja, kila mmoja akimkumbuka mtu wake. Ndiyo sababu haifai kuudharau mvuto wa nyimbo hizi kana kwamba ni ulevi wa vijana wasio na kazi. Uliwapa watu kitu ambacho nyimbo za nyumbani, kwa wakati ule, hazikuweza kuwapa.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza inasema kwamba mapumziko hayo ni usingizi. Watu waliolia pamoja kwa wimbo wa Kihindi usiku waliweza kuamka asubuhi na kuchomeana nyumba, kwa sababu wimbo haukuwa umesema neno lolote juu ya nyumba zao. Pingamizi hii ina nguvu, na haiwezi kukanushwa kwa kuutaja uzuri wa mahadhi. Hisia isiyo na shabaha haimfungi mtu kwa tendo lolote.

Pingamizi ya pili inatoka India kwenyewe. Mwaka 1994 Tejaswini Niranjana alichapisha makala mashuhuri akihoji taifa ambalo Roja inalijenga ni la nani. Alionyesha jinsi mapenzi ya mume na mke katika filamu hiyo yanavyofungamanishwa na uzalendo wa tabaka la kati la Kihindu, huku mwasi wa Kashmir akichorwa kuwa adui. Katika onyesho moja mateka anajitupa juu ya bendera ya India inayoungua ili aizime kwa mwili wake. Msikilizaji wa Kitale anayeupenda wimbo hajui kwamba upole huo una ndugu mkali katika filamu hiyo hiyo. Je, hana hatia kwa sababu hakujua?

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba kutojua kunamwondolea hatia ya mwanzo, lakini hakumpi haki ya kubaki hajui. Mtu aliyepewa zawadi na mgeni hana lawama kwa kutolijua jina la mtoaji siku ile ya kwanza. Akiitumia zawadi hiyo miaka kumi bila kuuliza, kutojua kwake kumekuwa uamuzi. Wimbo uliompa mtu faraja unamdai walau udadisi: ulisema nini, kwa nani, na ni nani aliyeumia katika kisa ulichotoka.

Mtu ni utu

Ahmad Nassir, aliyemtungia Juma Bhalo maneno ya kuvisha mahadhi ya Kihindi, ndiye pia mtunzi wa Utenzi wa Mtu ni Utu (1979), kazi ambayo wasomi wa falsafa ya Mombasa, akiwemo Kai Kresse, wameizingatia sana. Wazo lake la msingi ni kwamba mtu huthibitisha utu wake kwa vitendo vyake mbele ya wenzake. Si bahati tu kwamba mshairi huyo mmoja alifanya kazi zote mbili. Aliyeazima mahadhi ya watu alijua kwamba uzuri wa sauti haumalizi kazi. Lazima litiwe neno ambalo mtu anaweza kulijibia, na neno nalo lifuatwe na kitendo.

Msikilizaji wa kawaida si mshairi. Hatazamiwi kuutungia kila wimbo maneno mapya. Lakini anacho kitendo kinachomfaa, nacho kinatokana na jambo lile lile lililompata. Aliyelia kwa sauti ya Mtamil asiyemwelewa amekwisha kukiri, apende asipende, kwamba kuelewa lugha ya mtu si sharti la kuitambua huzuni yake. Akishakiri hivyo, amepoteza udhuru mmoja mkubwa. Hawezi tena kusema juu ya jirani yake Msabaoti, au Msabaoti juu ya jirani yake Mbukusu, kwamba hawa hatuelewani nao, lugha yao ni nyingine, kilio chao hakituhusu. Machozi yake kwa mgeni wa mbali yamekuwa ushahidi dhidi yake.

Hapa pingamizi ya kwanza inapata jibu lake. Ni kweli kwamba wimbo haukusema neno juu ya nyumba za Endebess wala za miteremko ya Elgon. Ni kweli vilevile kwamba wimbo haukuwazuia watu. Lakini kushindwa huko si kwa wimbo peke yake. Mahadhi yalifungua mlango. Ni mwenye nyumba aliyeamua nani aingie. Aliyemkaribisha wa mbali na kumfungia wa karibu ametumia huzuni kama burudani, na kosa hilo ni lake. Methali ya Waswahili inaonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hisia ya kuazima nayo haimsitiri mtu siku jirani anapobisha hodi usiku.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba hisia inayoletwa na wimbo usioeleweka ni ya kweli, na kwamba ni mali ya anayesikiliza, wala si mali ya aliyeimba. Kwa kuwa ni mali yake, dhamana yake pia ni yake. Dhamana hiyo ina sehemu mbili: kutodai kuelewa kile ambacho hakukielewa, na kutomnyima jirani kile alichompa mgeni.

Filamu ya Roja yenyewe inalo onyesho la swali hili. Mwanamke anasimama mbele ya askari katika nchi asiyoijua, akiwasihi kwa lugha ambayo hawaifahamu. Askari hawana maneno yake. Wana uso wake, sauti yake na machozi yake. Kwa muda huo wao ndio wasikilizaji wa wimbo wa Kitamil, kama alivyo karani wa Kitale. Anachokitaka Roja kwao si waguswe, kwani kuguswa kwao hakutamrudisha mumewe. Anataka wainuke wamtafutie mtu wa kumtafsiria.